Seti: Karata ya Nguvu au Mzigo?
Hoja kwa walimu na wanafunzi wa hisabati

Hakuna mabishano yanayodharauliwa na walimu wetu kama mabishano ya wacheza karata. Katika mabaraza ya Majengo na Njoro mjini Moshi, katika vituo vya mabasi, na penye malango ya kupandia mlima ambako wapagazi hungoja wageni, watu hucheza karata, na wakishamaliza kucheza hubishana. Aghalabu ubishi wenyewe hauhusu nani ameshinda, maana hilo limekwisha kuonekana. Huhusu karata moja tu: kwa nini fulani aliitupa mapema, kwa nini mwenzi wake aliificha, na je, karata ile ina faida gani hasa. Mwalimu apitaye hapo husikia kelele za watu wasio na kazi. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kuwa mwalimu huyo, akisimama kidogo akasikiliza, atasikia somo la uwezekano likijadiliwa kwa Kiswahili fasaha, tena kwa bidii ambayo haionekani katika madarasa yetu mengi.

Nitachukua karata moja, nayo ni seti, yaani karata ya saba, katika mchezo wa wahedi wa sitini. Nimeichagua kwa sababu wachezaji hawakubaliani juu yake. Wapo wanaoihesabu kuwa mali, na wapo wanaoihesabu kuwa balaa. Hebu tusikilize pande zote mbili, kisha tuiulize hesabu.

Mchezo na majina yake

Wahedi wa sitini ni mchezo uliozoeleka Pwani tangu zamani. Jina lake ni la Kiarabu, na maana yake ni sitini na moja. Majina ya karata zenyewe, hata hivyo, yana asili ya Kireno. Shupaza, kopa, uru na pau yametokana na espadas, copas, ouros na paus. Turufu ni trunfo. Seti ni sete, yaani saba. Ree ni rei, ingawa kwa Wareno neno hilo ni mfalme, na kwetu limekuwa karata ya moja. Wareno walifika Pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1593, na wakanyang'anywa ngome hiyo mwaka 1698. Utawala wao ulikwisha, lakini maneno yao ya karata yakabaki mikononi mwetu. Wanafunzi wa Moshi wasidhani kuwa uru ya karata ina uhusiano na Uru iliyoko mlimani juu ya mji wao. Majina hayo yamefanana tu.

Sheria za mchezo hutofautiana kidogo kutoka baraza moja hadi jingine. Kwa ajili ya hesabu zetu tukubaliane hivi. Karata za nane, tisa na kumi huondolewa, hivyo hubaki karata 40, yaani 10 za kila aina. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja akikabiliana na mwenzi wake. Kila mchezaji hugawiwa karata 10. Aina moja katika zile nne huwa turufu. Anayeanza hutupa karata yoyote, na wengine hulazimika kufuata aina ile ile ikiwa wanayo. Asiyenayo anaweza kutupa karata yoyote nyingine, au kukata kwa turufu. Karata nne zikishatupwa, duru moja imekwisha, na mwenye karata kubwa huzila zote.

Kwa ukubwa, ree ndiyo ya kwanza, nayo ina pointi 11. Seti huifuata kwa pointi 10. Kisha huja mzungu wa nne, yaani mfalme, mwenye pointi 4. Mzungu wa tatu, ambaye vijana humwita jeki, mwenye pointi 3. Na mzungu wa pili, yaani malkia, mwenye pointi 2. Karata za sita, tano, nne, tatu na mbili ni magarasa, hazina pointi. Jumla ya kila aina ni pointi 30, na jumla ya aina zote nne ni 120. Upande unaopata 61 au zaidi umeshinda. Hapo ndipo lilipotoka jina la mchezo.

Hoja za wanaoisifu seti

Wanaoisifu seti wana hoja tatu, na zote ni za kweli.

Kwanza, seti ina utajiri mkubwa. Pointi zake 10 huzidi pointi za wazungu wote watatu wa aina moja wakiwekwa pamoja, kwani 4, 3 na 2 ni 9 tu. Seti zote nne zina pointi 40, yaani theluthi moja ya pointi zote za mchezo.

Pili, seti ina nguvu. Katika karata 10 za aina yake, ni moja tu inayoishinda, nayo ni ree. Karata nyingine nane zote huinama mbele yake.

Tatu, seti ni zawadi nzuri kwa mwenzi. Mwenzi wako anapokuwa na hakika ya kula duru, unaweza kumtupia seti, na kwa tendo hilo moja umeuongezea upande wako pointi 10 bila jasho.

Hoja za wanaoilaumu

Wanaoilaumu seti nao hawakosi ushahidi.

Husema kwamba ree ikiiangukia seti, wapinzani hupata pointi 21 katika duru moja, ambazo ni zaidi ya theluthi ya zile 61 wanazohitaji. Husema pia kwamba ree haiogopi kitu ila turufu, na garasa halina cha kuibiwa. Seti peke yake ndiyo tajiri asiye na walinzi. Tena, kwa kuwa wachezaji hulazimika kufuata aina, mtu mwenye seti iliyo pekee mkononi, bila karata nyingine ya aina hiyo, hana hiari. Aina hiyo ikitupwa, seti itatoka tu, hata kama ree imekwisha kulala mezani inaisubiri.

Kuna jambo lingine wanalolisema, nalo lina hisabati ndani yake. Pointi za mchezo huu haziongezeki wala hazipungui. Siku zote ni 120. Upande mmoja ukipata 70, mwingine una 50. Kwa hiyo seti ikihama kutoka kwetu kwenda kwa wapinzani, sisi tumepungukiwa 10 na wao wameongezewa 10. Pengo kati yetu limebadilika kwa pointi 20. Mwenye kuhesabu hasara yake tu, asihesabu faida ya mpinzani, amehesabu nusu ya jambo.

Sasa, katika pande hizi mbili, nani msema kweli? Wote wawili. Kosa lao ni moja: kila upande umesema neno la kweli bila kutaja sharti lake. Kutaja sharti ndio mwanzo wa sayansi.

Hesabu inasema nini

Tuseme seti ya kopa imo mkononi mwako. Ree ya kopa iko wapi? Karata nyingine katika pakiti ni 39. Kati ya hizo, 9 unazo wewe, 10 anazo mwenzi wako, na 20 wanazo wapinzani wawili. Kwa hiyo, kabla hujazitazama karata zako nyingine, uwezekano wa ree kuwa kwako ni 9 kwa 39, yaani kama asilimia 23. Uwezekano wa kuwa kwa mwenzi ni 10 kwa 39, kama asilimia 26. Uwezekano wa kuwa kwa wapinzani ni 20 kwa 39, kama asilimia 51.

Ukishazitazama karata zako ukaona kuwa ree huna, hesabu hubadilika. Karata usizozijua sasa ni 30, na 20 kati ya hizo ziko kwa wapinzani. Uwezekano wa ree kuwa kwao umepanda kutoka asilimia 51 hadi theluthi mbili. Hakuna karata iliyosogea juu ya meza. Kilichobadilika ni ujuzi wako. Mwanafunzi akilielewa jambo hili moja, amelielewa somo ambalo wengi huhitimu vyuo bila kulielewa: uwezekano hupimwa kwa habari tulizo nazo, na habari mpya hudai hesabu mpya.

Sasa tupime tendo la mtu anayefungua duru kwa seti bila kujua ree iko wapi. Tuiache turufu kando kwa sasa ili hesabu iwe nyepesi. Mara moja katika tatu, ree iko kwa mwenzi, na pointi 10 za seti zitabaki kwetu. Mara mbili katika tatu, zitakwenda kwa wapinzani. Wastani wake ni theluthi moja ya 10, kutoa theluthi mbili za 10, yaani hasara ya pointi 3 na theluthi moja kwa kila mara. Garasa likitupwa mahali pale pale, lenyewe halipotezi kitu. Basi katika hali hii karata inayosifiwa kuwa tajiri imeshindwa na karata isiyo na thamani.

Je, hatari ya seti kuwa pekee mkononi ni kubwa kiasi gani? Kati ya zile karata 39, 30 ni za aina nyingine. Ili seti iwe pekee, karata zako zote 9 zilizobaki lazima zitoke katika hizo 30. Tunazidisha 30/39 kwa 29/38 kwa 28/37, na kuendelea hivyo mpaka sehemu ya tisa, ambayo ni 22/31. Jibu ni karibu 0.068, yaani mara moja katika kila mara 15 hivi. Wanaoilaumu seti kwa hoja hii wana haki ya kuogopa, lakini wanaiogopa ajali isiyotokea mara nyingi. Mara nyingi zaidi seti hupotea si kwa kukosa mlinzi, bali kwa haraka ya mwenye nayo.

Wakati wa seti

Twende hatua moja mbele, maana hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kila aina ina karata 10, na kila duru hutumia nne ikiwa wote wanafuata. Duru ya kwanza ya aina hiyo ndiyo duru ya ree. Seti ikitoka humo iko hatarini. Tuseme umetupa garasa, ree imetoka na kwenda zake. Katika duru ya pili seti ndiyo kubwa kuliko zote zilizobaki katika aina yake. Hiyo ndiyo saa yake. Lakini ukiingoja duru ya tatu, mambo yamegeuka tena. Karata 8 za aina hiyo zimekwisha kutumika, na zimebaki 2 tu, moja ikiwa ni hiyo seti yako. Maana yake ni kwamba katika wachezaji watatu wengine, angalau wawili hawana tena karata ya aina hiyo, na yeyote mwenye turufu anaweza kuikata seti yako.

Kwa hiyo seti ya aina isiyo turufu ina mlango mwembamba wa wakati. Ikitangulia, ree huila. Ikichelewa, turufu huikata. Aliyeitupa duru ya kwanza na akapata hasara atasema ni karata mbaya. Aliyeitupa duru ya pili atasema ni karata bora. Wote wawili wanaizungumza karata ile ile, ila hawazungumzi wakati ule ule.

Mchezaji mwangalifu hutumia pia habari anazopewa na karata za wengine. Tuseme aina ya kopa imeanzishwa, na mpinzani wa kulia akashindwa kufuata. Basi ree ya kopa hayuko nayo. Sasa imebaki kwa mwenzi wako au kwa mpinzani wa kushoto, na ikiwa huna habari nyingine, hatari imeshuka kutoka theluthi mbili hadi nusu. Ndiyo maana wachezaji hodari hawasemi sana wakati wa kucheza. Wanahesabu.

Uamuzi wangu, basi, ni huu. Seti si karata ya nguvu, wala si karata dhaifu. Ni karata ya masharti. Mwenye ree pamoja nayo ana ngome. Mwenye seti na magarasa mawili ana subira. Mwenye seti pekee ana wasiwasi. Thamani ya pointi 10 ni ya kudumu, lakini nguvu ya karata haimo katika karatasi yake. Imo katika uhusiano wake na karata nyingine, katika wakati, na katika habari alizo nazo mwenye kuitupa.

Si jambo dogo

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya kupotezea muda. Historia ya sayansi haikubaliani nao. Cardano, mganga na mwanahisabati wa Italia aliyefariki mwaka 1576, aliandika kitabu kuhusu michezo ya bahati, nacho kilichapishwa mwaka 1663, muda mrefu baada ya kifo chake. Mwaka 1654 Pascal na Fermat waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawa fedha za mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha, na barua hizo huhesabiwa kuwa chanzo cha nadharia ya uwezekano. Mwaka 1928 John von Neumann alichapisha makala yake kuhusu nadharia ya michezo, ambayo baadaye iliingia katika elimu ya uchumi. Na mwaka 1993 mwanahisabati Mmarekani, Richard Garfield, alitoa mchezo uitwao Magic: The Gathering, ambao wachezaji wake hukusanya na kubadilishana karata, na kila mmoja hujitengenezea pakiti yake. Wachezaji wa mchezo huo hubishana kuhusu karata moja moja: ina nguvu gani, inagharimu nini, inafaa pamoja na ipi, na itupwe lini. Ni ubishi ule ule wa baraza la Majengo, ila kwa majina mengine.

Nilipokuwa nikisomea shahada yangu ya uzamivu ng'ambo, semina ya uwezekano ilifunguliwa kwa pakiti ya karata iliyowekwa juu ya meza. Hakuna aliyeona haya.

Watu wa Kilimanjaro wanalijua fundisho la seti hata wasipocheza karata. Katika kihamba, mkahawa haukupandwa peke yake. Umekaa chini ya kivuli cha migomba, pamoja na miti mingine, na thamani yake imefungamana na majirani zake. Mgomba wa kivuli ni kama garasa linaloilinda seti: lenyewe halionekani kuwa na thamani kubwa sokoni, lakini bila hilo seti imo hatarini. Kahawa nayo ilikuwa karata tajiri ya mkoa huu. Chama cha ushirika cha KNCU kiliundwa mwaka 1933, na fedha za kahawa zilisomesha watoto wengi wa mlimani. Lakini bei ya kahawa ya arabika hufuata soko la New York, na mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka vibaya. Mkahawa wa Kibosho na wa Machame haukuwa umebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni karata zilizokuwa mikononi mwa wengine. Wazazi walioliona jambo hilo hawahitaji kuelezwa kwamba nguvu ya kitu haikuandikwa juu yake.

Pingamizi la kamari

Nafahamu pingamizi kubwa litakalotolewa, nalo ni la haki. Wazazi na viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, wanaichukia karata kwa sababu wameiona ikiandamana na kamari. Siku hizi hatari hiyo imezidi. Maduka ya kubashiri matokeo ya mpira yako karibu kila mtaa, mashine za kamari zimefika mpaka vijijini, na simu ya mkononi imekuwa duka la kamari lisilofungwa. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza, lakini sheria haiwezi kusimama kando ya kila kijana. Nauli ya shule na hela ya chakula huishia huko.

Hata hivyo, naona kuwa kumnyang'anya mwanafunzi karata hakumkingi na kamari. Kinachomkinga ni hesabu. Tuchukue mfano. Tuseme duka la kubashiri linatoa kizidisho cha 2.10 kwa timu ya nyumbani kushinda, 3.20 kwa sare, na 3.40 kwa wageni kushinda. Mwanafunzi agawe 1 kwa kila kizidisho: atapata 0.476, 0.313 na 0.294. Ajumlishe: 1.083. Kama vizidisho vile vingekuwa vya haki, jumla ingekuwa 1 kamili. Ile 0.083 iliyozidi ni ya mwenye duka. Mtu akitaka kujikinga na matokeo yote matatu, ataweka shilingi 476, 313 na 294, jumla 1,083, na matokeo yoyote yatakayotokea atarudishiwa takriban 1,000. Katika wahedi wa sitini isiyo na fedha, wanne walio sawa kwa akili hugawana ushindi sawa kwa sawa. Katika duka la kubashiri, mmoja wa wachezaji ni mwenye duka, naye amejigawia pointi kabla ya mchezo kuanza. Kijana aliyezoea kujiuliza seti yake ina hatari gani ataliona jambo hilo. Kijana aliyekatazwa tu bila kuelezwa hataliona.

Mapendekezo kwa walimu

Uwezekano hufundishwa katika kidato cha nne, na hufundishwa kwa Kiingereza, kwa mifano ya gololi ndani ya mfuko na sarafu inayorushwa hewani. Mwanafunzi anayeweza kutetea kwa nusu saa sababu za kuificha seti hadi duru ya pili huketi kimya anapoulizwa kuhusu gololi. Kila mwaka huwapokea vijana wa namna hiyo chuoni. Si kwamba hawana fikra za uwezekano. Ni kwamba hakuna aliyewaambia kuwa fikra walizo nazo ndizo zenyewe. Nashauri yafuatayo.

Kwanza, mwalimu asitafute fedha za kununua pakiti. Vipande 40 vya boksi vilivyokatwa sawasawa na kuandikwa kwa kalamu vinatosha. Fedha au kitu chochote cha thamani kisiwekwe mezani kamwe, na jambo hili lielezwe mapema kwa mkuu wa shule na kwa wazazi.

Pili, darasa la wanafunzi 40 ligawanywe katika meza 10 za watu wanne. Kila meza ichange na kugawa karata mara 20, bila hata kucheza, na kila mara iandike, kwa kila aina, ree na seti zimeangukia wapi: mkono mmoja, kwa wenzi, au kwa pande zinazopingana. Darasa zima litakuwa na matokeo 800. Nadharia inatabiri kuwa yapata 185 yatakuwa katika mkono mmoja, 205 kwa wenzi, na 410 kwa wapinzani. Hayatatoka hivyo hasa. Tofauti ya kumi au ishirini si ajabu, na ni vema wanafunzi waione kwa macho yao. Tofauti ya mia ni dalili kuwa karata hazikuchangwa vizuri, au kwamba kuna meza iliyoandika majibu ya kubuni.

Tatu, ubishi uruhusiwe, kwa Kiswahili, kwa sharti moja: kila asemaye kuwa karata ni nzuri au mbaya ataje hali aliyo nayo akilini, na atoe hesabu yake. Baada ya hapo mwalimu aandike ubaoni maneno ya Kiingereza yatakayotumika katika mtihani. Fikra itangulie, jina lake lifuate.

Idadi ya mikono tofauti ya karata 10 inayoweza kupatikana katika pakiti ya karata 40 ni 847,660,528, zaidi ya mara 13 ya Watanzania wote waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022. Hakuna mtu awezaye kuikariri mikono hiyo. Taifa linalowafundisha vijana wake kukariri litashindwa mbele ya mkono wa kwanza wasioujua, iwe ni katika karata, katika kilimo, au katika uchumi. Linalowafundisha kupima hali, kutaja masharti na kubadili hesabu habari zinapobadilika litawapa kitu cha kudumu.

Nawaachia wanafunzi swali moja la kufanyia kazi. Tuseme wachezaji ni wawili tu, kila mmoja akiwa na karata 20, na seti ya kopa iko kwako. Kabla hujazitazama karata zako nyingine, uwezekano wa ree ya kopa kuwa kwa mpinzani wako ni kiasi gani? Mkishapata jibu, lilinganisheni na lile tulilolipata kwa wachezaji wanne, kisha mweleze kwa maneno yenu, bila tarakimu, kwa nini yako hivyo.